Mwaka Tuliopasha Bati Joto

Ujumbe wa Njoroge ulinikuta jikoni, mikono imejaa unga, na kwa kuwa miwani yangu ya kusomea huwa haipo ninapoihitaji, nilimwomba binti wa jirani anisomee. "Baba Jasim ametuacha. Matanga iko pale pale Al Rayyan. Uje, Zuhura. Safari hii uje." Binti akanitazama, maana nilikaa kitako juu ya gunia la mchele kama niliyesukumwa. Miaka ishirini nipo Doha hii hii. Sasa ninaishi Al Wukair, ninapika kwenye jiko la shule, na kutoka kwangu hadi nyumba ile ni mwendo wa gari usiofika saa moja. Katika miaka yote hiyo sikukanyaga pale hata mara moja. Njoroge akiniuliza kwenye simu, nilikuwa na visingizio vyangu tayari: kazi nyingi, mguu unauma, wageni wamekuja. Mimi mwongo mzuri nikitaka. Ukweli niliujua peke yangu, au ndivyo nilivyodhani.

Habari za kwetu Tanga na za nani alinitafutia viza naziruka, hazina jipya. Naanzia kwenye chumba. Nyuma ya nyumba ile kulikuwa na safu ya vyumba vya wafanyakazi. Changu kilipakana na chumba cha kufulia, kwa hiyo ukuta mmoja ulikuwa wa moto siku za nguo na wa baridi siku nyingine. Cha Njoroge kilikuwa karibu na geti, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa dereva wa nyumba. Na mwisho kabisa wa ua lilikuwapo banda la gari, kubwa, lenye mlango wa chuma wa kukunja, na ndani yake pikapu ya zamani ya Baba Jasim, mzee wa nyumba, baba yake bosi. Dirisha langu lilitazama banda hilo. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilikuwa sijawahi kuvaa soksi kulala. Nani aliwahi kuniambia Uarabuni kuna baridi? Hakuna! Watu wote walinionya juu ya joto. Januari ile upepo ulitoka jangwani ukaingia hadi kwenye mifupa, na alfajiri ua mzima ulikuwa umelowa umande kama uliomwagiwa maji kwa ndoo. Nilivaa soksi mbili mbili na bado nilitetemeka nikichemsha maziwa.

Jambo la pikapu nililisikia sebuleni nikikusanya vikombe vya kahawa. Wenye nyumba walidhani Kiarabu changu kinaishia kwenye ndiyo na hapana, nami niliwaacha wadhani hivyo. Madam alikuwa akimwambia mumewe, "Daktari amesema baridi hii ikiisha, baba yako atakuwa anaona mwanga na giza tu. Gari hilo la nini sasa?" Mume akajibu kwa sauti ya chini, "Anataka kuliona na rangi yake ya zamani kabla macho hayajafumba. Hajaniomba kitu kingine." Mimi nikasimama na sinia langu kama nguzo. Pikapu ile ilikuwa imepigwa rangi nyeupe miaka mingi nyuma, ifanane na magari ya wenzake, lakini asili yake ilikuwa buluu, buluu ya vikombe vya enameli. Aliichagua marehemu mkewe. Baba Jasim alikuwa akirudi nayo kutoka jangwani alikofuga ngamia wake, na mke akipanda juu ya dari aliiona buluu ile kutoka mbali kabla hajaona kitu kingine chochote, akashuka kuweka mchele jikoni. Hayo alinisimulia mwenyewe baadaye. Siku ile sebuleni nilijua jambo moja tu: rangi iwahi, au macho yatawahi.

Mzee hakutaka gari lipelekwe kwa mafundi wa mjini. Alisema likitoka getini hatalisikia tena. Alipojua kwamba Njoroge, kabla ya kuwa dereva, alikuwa fundi wa rangi huko kwao Limuru, mjadala ukafungwa. Kazi ifanyike pale pale bandani, kati ya zamu za kupeleka watoto shule na kuwarudisha. Bosi alikubali kwa sharti moja: mzee asiingie mle ndani mpaka kazi iishe, kwa ajili ya vumbi na harufu ya thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, na asije akateleza. Basi wakamwekea kiti nje, mlangoni, penye jua. Alikaa hapo kila asubuhi na blanketi lake magotini, akisikiliza msasa ukikwaruza bati, na kila baada ya muda akiuliza, "Bado nyeupe?" Njoroge anajibu, "Bado, Baba. Kidogo kidogo."

Mimi niliingia kwenye kazi ile kwa mlango wa jikoni. Asubuhi moja Njoroge alinijia na mkebe wa rangi mkononi. "Dada Zuhura, si uniwekee hii kwa maji moto? Si ya kuchemka, ya kuoga mtoto." Nikamwambia mimi ni mpishi lakini rangi bado sijapika. Akacheka, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanieleza. Rangi ni kama unga wa maandazi, alisema, ikipata baridi inalala. Haitiririki, haikauki, inakaa imenuna tu. Na si rangi peke yake. "Watu wanapasha hewa. Hewa ni ya nini? Mabati ndiyo inafaa kupashwa. Ukileta hewa ya joto kwa mabati baridi, inatoa jasho, na ukipiga rangi juu ya jasho umeharibu kazi. Mimi nimetoka Limuru, hiyo baridi najua vizuri." Basi tukaanza. Nilimpa mablanketi mabovu ya stoo, akayatundika kuta zote nne na kwenye mlango wa chuma. Tukatandika nailoni juu. Tukaomba hita mbili za umeme, zile nzito zenye mafuta ndani, tukaziweka moja kila ubavu wa gari, ziwake tangu alfajiri, kisha zizimwe kabla mkebe wa thina haujafunguliwa. Moto wa aina yoyote ulikatazwa. Hakuna gesi, hakuna mkaa, hakuna kiberiti. Hilo aliniambia mara tatu, na mara ya tatu alinishika bega.

Alinifundisha pia kupima. Unaweka kiganja juu ya boneti, unahesabu hadi ishirini polepole. Kiganja kikilalamika, bado. Kikikaa kimya, bati liko tayari. Sijui kama kuna fundi mwingine duniani anayepima hivyo, lakini nilijiona nimepewa cheo. Kule ndani ya nyumba nilikuwa mtu wa kuitwa na kutumwa. Bandani niliulizwa, "Dada, unaonaje?" na jibu langu lilingojewa. Mchana tulikula humo humo, mlango wazi kwa ajili ya hewa, ugali wa sembe alioununua kwa Wakenya wenzake na maharage yangu ya nazi. Alikuwa akiusonga mgumu kupita kiasi. Nikamwambia, "Kaka, ugali huu tungezibia ule mlango wa nyuma wenye tundu, tusingehangaika na fila." Akasema, "Nyinyi watu wa Tanga mnakula uji na kijiko mnaita ugali." Baba Jasim kutoka kitini kwake akauliza tunacheka nini, tukamtafsiria, naye akataka kuonja. Alitafuna tonge moja muda mrefu sana. "Mashallah," akasema, "linafaa kujengea." Nikicheka leo nacheka peke yangu, na nacheka huku nalia.

Ilikuwa Alhamisi. Rangi ya buluu ilikuwa imeshachanganywa, nyeupe yote imeondoshwa, praima, ile rangi ya chini, imekauka, na muda wetu wa kazi ulikuwa ule ule wa kila siku, kuanzia jua likipanda hadi adhuhuri inapopita. Njoroge alipangusa bati lote kwa thina mapema, kabla ya kuwasha hita, kisha akaenda kupeleka watoto shule, akipiga chafya njia nzima hadi getini. Mafua yalikuwa yamembana wiki ile, pua imeziba kama chupa yenye kizibo. Aliniachia neno moja: "Joto lisishuke." Hajamaliza kupinda kona, Madam akatuma hita moja irudishwe ndani, mtoto mdogo anakohoa. Ningesema nini? Nikaipeleka. Nikarudi, nikaweka kiganja kwenye boneti upande usio na hita, nikahesabu. Sikufika hata kumi. Baridi! Nje, Baba Jasim alikuwa ameshaketi. Akauliza, "Leo, binti yangu?" Nikamwambia, "Leo, inshallah." Akatabasamu akitazama mahali ambapo mimi sikuwapo, mkono wa kushoto kidogo. Wiki iliyotangulia alikuwa bado akinitazama usoni.

Hicho ndicho kilichonitia wazimu. Jikoni kulikuwa na mkaa unaowaka kwa ajili ya chetezo, maana Madam alifukiza nyumba kila Alhamisi. Nikajiambia, thina imeshafungwa, fundi hayupo, hatari iko wapi? Nitazunguka na makaa mara chache tu, nitaliondolea bati baridi yake, nitatoka. Nikachukua chetezo kikubwa. Na nilipokuwa nimekishika, mkono wenyewe ukaenda kwenye kopo la udi. Kwetu kitu cha heshima hakianzi bila kufukizwa. Nguo za bibi harusi zinafukizwa, chumba cha mzazi kinafukizwa, na hili lilikuwa gari la mzee na marehemu mkewe. Nikatia kipande kimoja, kile cha Madam cha ghali, kilicholowekwa mafuta mpaka kinanata vidoleni. Nikazunguka pikapu nikisoma dua, nikiushusha moshi kwenye boneti, nikiupandisha milangoni, nikifurahi wallahi, nikijiona nimefanya jambo la maana kuliko yote niliyowahi kufanya. Kisha nikatoa chetezo, nikafungua mlango moshi utoke, nikafunga tena. Baba Jasim alikuwa pale pale kitini. Alivuta hewa kwa pua, akarudisha blanketi magotini.

Njoroge akarudi na pua yake iliyoziba. Akapima kwa kiganja, akaridhika. Akapitisha kitambaa cha vumbi, akazima hita, akavaa barakoa, akaanza. Mimi nilisimama mlangoni nikichungulia kwenye pengo la blanketi. Boneti ikageuka buluu, jamani, buluu ile, nikataka kupiga kigelegele. Akaja ubavu wa dereva. Hapo nikamwona anasimama. Anainama. Anatazama boneti alikotoka. Rangi ilikuwa imekimbia, imeacha vishimo vidogo vya duara vimesambaa kote, kama macho ya dagaa. Akavua barakoa. "Mafuta," akasema. "Kuna mafuta. Aki, mafuta imetoka wapi?" Nilijua wakati ule ule. Alitazama kompresa, ile mashine ya kupulizia rangi ambayo huweza kutema mafuta, akaipiga teke, akaanza kuifungua kwa mikono iliyojaa buluu, akiilaani, akijilaani mwenyewe kwa kutoikagua. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Neno lilikuwa fupi tu. Badala yake nilisema, "Pole, Kaka," nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Jumamosi alianza kusugua buluu yote itoke. Aliniambia bila kunitazama, "Ni kompresa ndiyo ilikuwa na makosa," na akalipangusa bati mara tatu mwenyewe, na tangu hapo hakuniacha peke yangu bandani kabla ya kupiga rangi. Sikulitilia maanani. Rangi nyingine ilibidi ichanganywe upya. Halafu upepo wa kaskazini ukavuma siku nyingi, vumbi juu ya baridi, na baada yake mvua, ile mvua ya Doha inayokuja mara moja na kufurika kila mahali. Kila asubuhi nilipeleka chai mlangoni mwa banda na kila asubuhi macho ya mzee yalikuwa yamekwenda mbali zaidi. Kwanza alianza kupapasa kikombe. Kisha akaanza kuniuliza ni mimi au ni Madam. Nilihesabu siku zilizopotea kwa sababu yangu, na nilizijua zote kwa majina yake, Jumatatu ya vumbi, Jumatano ya mvua. Usingizi ulinikataa, na bado sikusema.

Mwisho rangi ilikubali. Ilikubali vizuri mno, ilikuwa kama kioo, buluu safi kutoka boneti hadi mkia, na Njoroge mwenyewe alikaa sakafuni akaitazama kama mtu aliyejifungua. Wakamwingiza mzee wakimshika mkono. Alisimama mbele ya gari lake, akainua uso, akausogeza huku na huku akitafuta. Kisha akanyoosha kiganja akakiweka kwenye boneti, akatembea nacho polepole, ubavu wa dereva, mkia, ubavu wa pili, mpaka akarudi alipoanzia. "Laini," akasema. "Alhamdulillah, laini sana." Bosi akageuka ukutani. Mimi nilikimbilia jikoni nikakata vitunguu visivyo na mwenyewe, nikalia mpaka Madam akaja kuuliza kama nina habari mbaya kutoka nyumbani. Nikasema ndiyo.

Mkataba wangu uliisha kabla ya joto kuanza. Waliniomba nibaki, Madam akaahidi nyongeza ya mshahara na mambo mazuri mazuri, Baba Jasim mwenyewe akaniita. "Unatuacha kwa nini, binti yangu? Nani amekuudhi?" Nikamwambia nimepata kazi nyingine. Sikuweza kukaa nyumba moja na macho yale. Kila yalipogeuka upande wangu nilikuwa nayasikia yakiuliza, ingawa hayakuuliza kitu. Nikaondoka na sanduku langu, na miaka ishirini nikawa mtu wa visingizio.

Sasa nirudi kwenye matanga. Nilikaa upande wa wanawake, nikampa Madam mkono wa pole. Amezeeka, na alinikumbatia kama dada. Kahawa ikapita, tende zikapita. Nilipotoka uani kupumua nilimkuta Njoroge mbele ya banda, mvi tupu, tumbo mbele, siku hizi anaendesha mabasi ya wafanyakazi huko Lusail. Mlango wa chuma ulikuwa wazi. Ndani pikapu ilikuwa imefunikwa turubai. Kiti cha mzee kilikuwa pale pale mlangoni, na si kiti kingine, ni kile kile, kimebadilishwa kamba. Nikakitazama, na lile neno fupi la miaka ishirini likatoka lenyewe. Nikamwambia yote, hita, chetezo, kipande cha udi, vishimo. Nikamwambia, "Kompresa yako haikuwa na kosa. Ni mimi niliyemnyima yule mzee kuiona rangi yake."

Njoroge akatikisa kichwa. "Dada, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Ya udi. Mzee aliniambia yeye mwenyewe, ile Ijumaa." Akajifuta uso kwa kiganja. "Siku ya pili baada ya rangi kuharibika, asubuhi na mapema, nimefungua mlango ndio rangi ikauke, nijiandae kwenda kanisa, si huku tunasali Ijumaa. Nikaona mzee amekuja na bakora yake, peke yake. Jua lilikuwa linaingia hadi ndani. Nikamwambia Baba, usiingie, imeharibika. Akaingia. Akasimama hapa, karibu na boneti, akaangalia sana. Akaniambia, 'Ndiyo hii. Ndiyo hii yenyewe.' Nikamwambia iko na mashimo, Baba, naitoa yote. Akasema yeye haoni mashimo, anaona buluu. Alilia, Zuhura. Halafu akacheka, akasema binti amelifukiza, gari linanukia kama harusi yake."

Nilishika ukingo wa kile kiti. "Na hukuniambia? Miaka ishirini, Njoroge?"

"Alinikataza kusema ameingia, kijana yake angekasirika. Na hiyo ya udi pia alinikataza. Alisema, 'Usimwambie binti kwamba tunajua. Ataona haya, na akiona haya atatuacha.'" Akaitazama pikapu. "Mimi sikujua unaumia na hiyo. Hukuwahi kusema. Nilidhani umetafuta tu kazi ya pesa mzuri."

Nilikuwa nimelia sana mwaka ule kwa kitu ambacho hakikutokea, na sikuwahi kulia hata siku moja kwa kile nilichokifanya kweli, yaani kumkimbia mzee aliyekuwa ameshanisamehe kabla rangi haijakauka. Njoroge akaniambia kwamba kila baridi ikiingia Baba Jasim alikuwa akiletewa kiti hapa, na kila akija yeye kumsalimu, swali lilikuwa lile lile: yule binti wa udi yuko wapi?

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia ukweli. Nikamwambia uko Al Wukair."

"Akasemaje?"

Njoroge akatazama chini. "Akasema, 'Karibu hivyo?'"

Niliingia bandani. Nikalivuta turubai upande wa mbele, na buluu ikatokea, imefifia kidogo, lakini ni ile ile. Nikaweka kiganja juu ya boneti kama nilivyofundishwa, nikahesabu polepole hadi ishirini. Bati lilikuwa baridi.